Faida ya Kukaa Katika Mji Mdogo

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja, mfanyakazi wa njia ya reli, mbele ya mkutano wa wanachama huko Voi. Yamepigwa chapa hapa kwa ombi la waliohudhuria.)



Bwana Katibu ameniomba niseme juu ya jambo ambalo limezungumzwa sana siku hizi, kazini penye mataruma na jioni penye chai. Jambo lenyewe ni hili. Vijana wengi wa tawi letu wanataka uhamisho. Wanataka kwenda Nairobi, na kama Nairobi haipatikani, basi Mombasa. Tena mtu akipewa barua ya kuja Voi, au Mtito Andei, au Makindu, huinamisha kichwa kama aliyefiwa, na wenzake humwambia pole. Nami leo nataka kuuliza: pole ya nini?

Mimi si msemaji. Nilisoma shule ya msingi ya misheni, nikaishia hapo, na kazi yangu ni nyundo na mtaimbo. Kwa hiyo msitazamie maneno makubwa. Nitasema niliyoyaona, na hesabu nitaifanya hapa mbele yenu, ili mwenye kuona kosa anikosoe.

Neno langu ni moja. Mshahara wa mfanyakazi hauhesabiwi siku unapopokewa. Huhesabiwa siku ya mwisho ya mwezi, na kwa mambo mawili: kimebaki nini mkononi, na ni nani waliokula pamoja nawe. Kwa hesabu hiyo, mji mdogo humfaa mfanyakazi kuliko mji mkubwa. Lakini humfaa kwa sharti, na sharti hilo nitalieleza mwisho, maana hapo ndipo ilipo kazi ya chama.

NILIVYOKAA NAIROBI

Miaka minne nilikaa Nairobi. Chumba changu kilikuwa cha mabati, futi kumi kwa kumi, na choo kimoja kilikuwa cha watu wa vyumba kumi na viwili. Maji tulinunua kwa mtungi. Niliamka saa kumi alfajiri ili niwahi matatu, na mvua ikinyesha nauli ilipanda kabla ya mimi kupanda. Mchana nililazimika kula kibandani, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na mtu wa kunipikia wala nafasi ya kurudi. Kila kitu kilikuwa shilingi kidogo, kidogo, kidogo. Wazee walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali. Ikifika tarehe ishirini nilikuwa nimekwisha lilamba buyu hata sehemu ya nje.

Mama watoto na watoto walikuwa kwetu, upande wa Kakamega. Niliwaona wakati wa likizo tu. Mwaka wa tatu nilifika nyumbani jioni, nikamkuta mwanangu wa pili akicheza uani. Aliponiona alikimbia ndani, nami nikamsikia akisema, "Mama, kuna mgeni." Ndugu zangu, mama yake alicheka, na mimi nikacheka. Lakini usiku sikupata usingizi. Nilikuwa nikipeleka pesa kila mwezi, na nilidhani kupeleka pesa ndiko kuwa baba.

Baadaye nikapewa barua ya kuja hapa Voi. Wenzangu waliniambia pole, kama vile mnavyowaambia wengine leo. Mimi nami nilisikitika. Nilifikiri nimetupwa nyikani kwa ndovu. Lakini baada ya miezi miwili nilikuwa nimeleta mama watoto na watoto wote, na tangu siku ile hakuna mtoto wangu aliyeniita mgeni.

MANENO HAYA SI MAPYA

Msidhani taabu hii ilianza kwangu. Zamani, mwajiri wa mjini alipohesabu mshahara wa Mwafrika alimhesabu kama mtu asiye na mke wala mtoto. Alihesabu kitanda kimoja na sahani moja. Mke na watoto walisemwa kuwa watalishwa na shamba huko nyumbani. Ndiyo maana nyumba nyingi za wafanyakazi katika miji mikubwa zilikuwa vyumba vya mtu mmoja mmoja, au landi za kulaza wanaume pamoja kama magunia.

Mwaka 1939 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, na moja katika mambo makubwa waliyoyadai lilikuwa fedha za kodi ya nyumba. Januari 1947 Mombasa iligoma tena, na safari hii mgomo ulikuwa mkubwa zaidi. Watu wa bandari, watu wa reli, watu wa mahoteli na watumishi wa majumbani, wote waliacha kazi pamoja. Walikutana katika uwanja ambao waliupa jina la Kiwanja cha Maskini, na kiongozi wao aliyejulikana sana alikuwa Chege Kibachia. Kilio chao kilikuwa kwamba mji umekuwa ghali na mshahara hautoshi. Mwaka 1954 kamati iliyowekwa na serikali ya ukoloni kuchunguza mishahara ya Waafrika ilikubali yenyewe kwamba mshahara wa mtu mmoja haufai, na kwamba mfanyakazi yapasa apate mshahara wa kutosha yeye na jamaa yake.

Basi tazameni. Tangu 1954 miaka mingi imepita. Bendera imebadilika mwaka 1963. Hata hivyo kijana anayekaa Nairobi leo katika chumba kimoja, na mke wake yuko mbali kwa sababu kodi ya vyumba viwili haiwezekani, anaishi kwa hesabu ile ile ya zamani. Hakuna mtu aliyemwandikia hesabu hiyo katika barua. Mji wenyewe ndio unaomwandikia.

FAIDA NILIZOZIONA

Jambo la kwanza ni miguu. Hapa Voi natoka nyumbani hadi kazini kwa dakika kumi na tano, bila kumlipa mtu. Nairobi nilikuwa njiani saa tatu kila siku, kwenda na kurudi. Fanyeni hesabu pamoja nami. Saa tatu kwa siku ishirini na sita za kazi ni saa 78. Ukizigawa kwa zamu ya saa nane, zinakaribia zamu kumi. Maana yake kila mwezi nilikuwa nikifanya karibu siku kumi za kazi ambazo hakuna aliyenilipa, tena nilizilipia mimi mwenyewe kwa nauli. Chama kikidai siku mbili zaidi za likizo kwa mwaka tunapiga makofi. Je, siku kumi kwa mwezi tuziite nini?

Jambo la pili ni chakula. Voi yenyewe ni pakavu, na sitawadanganya kwamba mtu atalima nyuma ya nyumba yake akashiba. Lakini milima ya Taita iko karibu. Kabichi, sukuma wiki, nyanya na vitunguu vinashuka kutoka pande za Wundanyi, na ndizi zinatoka Taveta ambako watu hulima kwa maji ya mifereji. Vitu hivi havijapita mikono mingi vinapofika sokoni kwetu. Mama watoto huvinunua asubuhi kwa wenye magari, akauza kwa mafungu karibu na barabara, na kile kinachobaki twakila sisi. Nairobi asingeweza kuanza biashara hiyo, maana hata nafasi ya kuweka kikapu chini ina mwenyewe, na mwenyewe anataka kulipwa.

Jambo la tatu ni kujulikana. Hili si dogo. Nairobi, jirani wa chumba cha pili aliugua siku tatu ndani peke yake. Tulijua mwenye nyumba alipokuja kudai kodi akasukuma mlango. Nilikuwa nimekaa ukuta mmoja na mtu huyo mwaka mzima, na sikulijua jina lake. Hapa, mwaka jana, mtoto wangu mdogo alishikwa na homa saa nane za usiku. Nilibisha mlango mmoja tu. Kijana wa bodaboda akaamka, akatupeleka hospitali, na alipoulizwa malipo akasema, "Kesho, baba, kwanza mtoto." Hakusema hivyo kwa kuwa mimi ni mtu mkubwa. Alisema hivyo kwa kuwa anajua ninakokaa, na mimi najua anakokaa, na mama yake hununua mboga kwa mama watoto.

Hali kadhalika dukani. Mwenye duka wetu ana daftari, na jina langu limo. Mwisho wa mwezi ukiwa mbali na unga umekwisha, mtoto hutumwa na hurudi na unga. Mji mkubwa hautakuandika katika daftari, kwa sababu haujui kama kesho utakuwapo.

Jambo la nne ni watoto. Watoto wetu huenda shule kwa miguu, na njia nzima wanaonwa na watu wanaowajua. Mwanangu wa kwanza alijaribu siku moja kukwepa shule akaenda kutazama treni. Kabla sijamaliza zamu habari zilikuwa zimenifikia kutoka kwa watu watatu: fundi viatu, mama muuza maandazi, na gadi mmoja wa reli. Jioni kijana alishangaa nimejuaje. Nikamwambia mji huu una macho mengi, na yote ni ya wazazi wako.

Jambo la tano ni chama chenyewe. Najua mtu atanijibu kwamba nguvu ya wafanyakazi iko katika miji mikubwa, na atanitajia Mombasa ya mwaka 1947. Ni kweli. Wengi ni wengi. Lakini tazameni mkutano huu wa leo. Mtu asiyekuja anajulikana, na mwenzake atampitia kesho amuulize kama ni mgonjwa. Nairobi nilihudhuria mikutano michache sana katika miaka minne, si kwa kuwa sikupenda, bali kwa kuwa mkutano ukiisha saa moja usiku nilifika nyumbani saa nne. Uchovu wa barabara huua chama kuliko adui yeyote.

UBAYA WAKE PIA TUUSEME

Ndugu zangu, mtu anayesifu bila kutaja ubaya ni kama mchuuzi wa sokoni, naye haaminiki. Mji mdogo una ubaya wake.

Una maneno. Ukigombana na mkeo usiku, asubuhi mwuza maziwa anakuangalia kwa huruma. Macho yale yanayomlinda mtoto ndiyo yanayohesabu chupa zako.

Hapa kwetu maji ni shida, na mwaka wa ukame mtungi hupanda bei. Tsavo iko mlangoni petu tangu hifadhi ilipowekwa mwaka 1948, na ndovu hajui mpaka. Wenzetu wanaokaa pembeni mwa mji wanajua maana ya kutotoka nje usiku.

Ugonjwa mkubwa ukizidi nguvu za hapa, safari ni ya Mombasa, na Mombasa ni kama kilomita 160. Kijana anayetaka ufundi wa juu hupata nafasi chache. Tena kazi si nyingi. Mwenye kazi akiipoteza mji mdogo, hawezi kuvuka barabara akabisha mlango wa pili.

Ubaya huu wa mwisho ndio mkubwa kuliko wote, kwa hiyo nataka niueleze vizuri. Sisi watu wa reli yatupasa kujua kwamba miji mingi ya njia hii ni watoto wa reli. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Ilifika Nairobi mwaka 1899, na Nairobi yenyewe wakati ule ilikuwa kambi ya reli tu, mahali pa mahema na vyuma. Kwa hiyo anayedharau mji mdogo akumbuke kwamba Nairobi nayo ilizaliwa mdogo. Voi ilipata nguvu zaidi wakati wa vita vikuu vya kwanza, njia ya tawi ilipojengwa kwenda Taveta. Makindu ilikuwa mahali pa kutunzia injini. Mafundi wa Kisingasinga walifanya kazi hapo, na hekalu lao lililojengwa mwaka 1926 lingali linawapa wasafiri chakula bure mpaka leo, bila kuuliza dini wala kabila. Mimi nimekula pale. Ni mji mdogo uliofanya jambo ambalo majiji hayafanyi.

Lakini mtoto wa reli akiachwa na mzazi wake hupata shida. Injini za mvuke zilitaka maji, zilitaka watu wa kuzisafisha na watu wa kubadilishana zamu, na kila stesheni ya namna hiyo ilikuwa na landi yake, duka lake na mpira wake wa Jumapili. Katika miaka ya 1960 na 1970 injini za dizeli zilipozidi kuchukua kazi, gari la moshi halikuhitaji kusimama mara nyingi kama zamani. Mwaka 2017 reli mpya ilifunguliwa kati ya Mombasa na Nairobi. Voi tulipata stesheni, ingawa iko nje kidogo ya mji. Wenzetu wa Makindu hawakupata stesheni ya abiria ya reli hiyo mpya. Wanaiona treni ikipita. Sikatai maendeleo, maana hata mimi nafurahi kufika Mombasa upesi. Nasema tu kwamba kalamu moja katika ofisi ya mbali yaweza kuinua mji mdogo au kuuzima, na mara nyingi mfanyakazi wa mji ule haulizwi.

SHARTI LENYEWE

Sasa nafika kwenye sharti nililoahidi. Mji mdogo humfaa mfanyakazi ikiwa kuna kazi, na ikiwa kazi hiyo inalipwa kwa haki.

Wengi wenu hamjui kwamba sheria ya mshahara wa chini katika nchi yetu hugawa mahali. Kwa amri ya mwaka 2022, kibarua wa kawaida katika majiji kama Nairobi na Mombasa alipaswa kupata si chini ya shilingi 15,201.65 kwa mwezi. Katika miji iliyokuwa na manispaa zamani, shilingi 14,025.40. Mahali pengine pote, shilingi 8,109.90. Mwaka 2024 viwango hivi viliongezwa kwa asilimia 6, lakini pengo lilibaki pale pale. Mtu wa mahali padogo ni zaidi kidogo ya nusu ya mtu.

Sisi wa reli tunalipwa kwa mapatano ya chama, na wengine watasema sheria hiyo haituhusu. Inatuhusu. Inawahusu wake zetu wanaofanya kazi madukani na mahotelini. Inawahusu watoto wetu wakimaliza shule. Inawahusu vibarua wa makontrakta wanaofyeka kando ya njia ile ile tunayoitengeneza sisi.

Wanaotetea pengo hili husema maisha ya mahali padogo ni rahisi. Ndiyo, kodi ni rahisi, nauli ni rahisi, na mboga kwetu ni rahisi. Lakini pakiti ya unga haijui kwamba imefika mji mdogo. Imetoka kiwandani mbali, imepanda lori, na bei yake hapa si nusu ya bei ya Nairobi. Sabuni si nusu. Daftari la shule si nusu. Dawa si nusu. Basi faida ya mji mdogo ni jasho la mfanyakazi mwenyewe, la kutembea kwa miguu na kuishi vizuri na jirani. Si haki mwajiri aichukue faida hiyo kwa kupunguza mshahara, akasema, "Huyu ana raha."

BARUA YANGU

Huenda mtu anajiuliza kwa nini nasema haya kwa nguvu. Nitawaambia. Mwezi uliopita nilipata barua ya kupandishwa cheo, lakini cheo chenyewe kiko Nairobi. Tulikaa na mama watoto usiku, tukachukua kalamu.

Mshahara utaongezeka shilingi 6,000, na posho ya nyumba shilingi 3,000. Jumla ni shilingi 9,000. Vyumba viwili hapa nalipa shilingi 5,000. Vyumba viwili Nairobi, mahali ambapo mtoto aweza kulala kwa amani, nimeambiwa shilingi 12,000. Hiyo ni 7,000 zaidi. Nauli yangu shilingi 200 kwa siku, kwa siku ishirini na sita, ni 5,200. Jumla ya gharama mpya ni 12,200. Toa 9,000. Nimepanda cheo, na nimepungukiwa shilingi 3,200 kila mwezi. Bado sijataja biashara ya mboga itakayokufa, wala maji ya mtungi.

Mama watoto alitazama karatasi akaniuliza, "Cheo hicho kitalala chumba gani?"

Ningeweza kwenda peke yangu, nikapanga futi kumi kwa kumi tena. Kwa pesa hesabu hiyo yaweza kukaa sawa. Lakini nimekwisha kuitwa mgeni mara moja katika ua wangu, na mara moja yatosha.

Basi nimejibu kwamba nakishukuru cheo, nami naomba nikitumikie hapa hapa au katika stesheni nyingine ya njia hii. Huenda nikakataliwa. Nikikataliwa nitabaki na nyundo yangu, na kijana niliyemfundisha kazi atakuja kuwa mkubwa wangu. Nitavumilia, lakini sitasema kwamba haiumi.

NINAYOYAOMBA

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, nakiomba chama mambo manne.

Kwanza, kidai kwamba mtu aweze kupanda cheo akiwa katika stesheni ndogo, mahali kazi inaporuhusu. Njia ya reli haitengenezwi ofisini. Hutengenezwa hapa kwenye jua.

Pili, kiungane na vyama vingine kudai pengo la mshahara wa chini lipunguzwe, mpaka mtu wa mahali padogo aitwe mtu mzima.

Tatu, uhamisho wa kuja stesheni ndogo usitumiwe kama fimbo. Mtu akikosa, aadhibiwe kwa kanuni za kazi. Kumleta kwetu kama adhabu ni kututukana sisi tunaokaa hapa.

Nne, kabla stesheni haijafungwa au watu hawajapunguzwa, chama kiulizwe, na wenyeji waulizwe.

Nanyi ndugu wanachama, nawaomba jambo moja tu. Mwenzenu akipewa barua ya kuja mji mdogo, msimwambie pole. Mwambieni karibu. Mwonyesheni nyumba yenye kodi ya haki, mpelekeni kwa mwenye duka aandikwe katika daftari, na mwambieni siku ya mkutano. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Nimekwisha. 

MASWALI

Kijana mmoja alisimama akauliza: "Mzee, umesema vizuri, lakini wewe umekwisha kukaa Nairobi na ufundi umeupata. Mimi nikibaki hapa nitajifunza wapi?"

Msemaji alijibu: "Swali lako ni zuri, wala sitakuzuia. Nenda ukajifunze. Kaa huko mwaka mmoja au miwili, ukiwa bado huna mke wala mtoto, ushike ufundi kwa mikono miwili. Lakini usiache miaka ikupite kwa kuwa umezoea taa za barabarani. Siku utakapooa, fanya hesabu kama niliyoifanya mimi, na mkeo awe mezani unapoifanya. Halafu amua."

Mama mmoja, mke wa mwanachama, akasema hana swali, ila ana ombi: mikutano ya chama iwe saa kumi za jioni, ili wanawake nao waweze kuja kabla ya kupika. Ombi lake lilipitishwa kwa mikono yote.

Mkutano ulikubali mambo manne yaliyoombwa yapelekwe kwa halmashauri ya chama kwa maandishi.